Daftari Moja au Karatasi Elfu: Tarehe ya Sanduku la Barua Pepe

Mtu afunguapo programu ya barua pepe akasubiri, na kusubiri kwake kukawa kurefu, lawama yake ya kwanza huiangukia programu ile, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho yake; lawama ya pili huiangukia intaneti; na ni nadra mno lawama kushuka hadi tabaka la chini kabisa, yaani mfumo wa mafaili, ambao kazi yake ni kugawa nafasi ya diski, kukumbuka kila faili lina jina gani na limewekwa wapi, na kulileta linapoitwa. Walakini tarehe ya barua pepe, iliyokwisha kupita miaka 50, yashuhudia kwamba ikhtilafu kubwa ya watu wa fani hii, nayo ni kama barua zote ziwekwe katika faili moja au kila barua ipewe faili lake, haikuamuliwa hata mara moja kwa uzuri wa hoja za upande huu au ule. Iliamuliwa na mfumo wa mafaili uliokuwako chini yao wakati ule. Na kila mfumo huo ulipobadilika, hukumu nayo iligeuka.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman mjini Cambridge, Massachusetts, aliichukua programu ya SNDMSG, ambayo hapo kabla ilipeleka barua baina ya watu walioshiriki kompyuta moja tu, akaitia uwezo wa kuvuka hadi kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, na akaichagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na yastahili; lisilosimuliwa sana ni mahali ambapo barua ile ilitua. Sanduku la barua la SNDMSG lilikuwa faili la kawaida lililopewa ruhusa ya namna ya peke yake: mtu mwingine aliweza kuongeza maneno mwishoni mwake, lakini hakuweza kuyasoma yaliyotangulia wala kuyafuta. Barua pepe, basi, tangu kuzaliwa kwake ilikuwa nyongeza ya mwisho wa faili, na tabia hiyo ya utotoni haijaiacha.

Mwaka huo huo, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix, na miongoni mwa amri zake mlikuwa na amri iitwayo mail. Barua zilizokwisha kusomwa na kupendwa zilihifadhiwa katika faili lililoitwa mbox, na jina hilo ndilo lililorithiwa na dasturi nzima ya kuziweka barua katika faili moja. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Katika mfumo wa mafaili wa Unix ya zama zile, kila faili jipya lilidai nafasi katika saraka, likadai inodi, yaani kumbukumbu ya sifa zake na mahali pake, na likadai angalau kipande kimoja cha diski cha baiti 512; tena inodi zote zilikaa mwanzoni mwa eneo la diski, mbali na maneno yenyewe, hata kusoma faili dogo kukawa ni kuusafirisha mkono wa diski kwenda mwanzo na kurudi. Karani mwenye akili, akiambiwa kwamba kila karatasi mpya itamgharimu safari ya kwenda bohari na kurudi, atachukua daftari moja na kuandika ndani yake mpaka lijae.

Katika daftari hilo mpaka baina ya barua na barua ulikuwa mstari uanzao kwa neno From, likifuatwa na nafasi, jina la mpelekaji na saa ya kufika. Na kwa kuwa neno hilo laweza kuanza mstari wowote wa barua yenyewe, ilibidi kila mstari wa namna hiyo utiwe alama ya > mbele yake, programu isije ikaikata barua moja ikawa mbili. Kovu la tiba hiyo halijafutika: asomaye hazina za barua za kale hukutana na alama hiyo katikati ya maneno ya watu wastahifu, kana kwamba walipatwa na kigugumizi.

Taabu iliyozidi hiyo ilikuwa taabu ya kufuli. Maadamu faili ni moja na wenye kulishika ni wawili, yaani programu iletayo barua mpya na programu ya mwenye sanduku anayefuta za zamani, ni lazima mmoja angoje mwenzake, la sivyo barua hupotea au huchanganyika. Wengine waliweka kando ya sanduku faili dogo lenye jina la kuishia na .lock liwe alama ya zuio. Wengine walitumia wito wa flock, wengine wa fcntl. Na programu iliyofuata njia moja haikulitambua zuio la nyingine. Na pale kampuni ya Sun Microsystems ilipoeneza mfumo wa NFS katika miaka ya 1980, mafaili yakakaa kwenye kompyuta moja na kusomwa kutoka nyingine, kufuli lililotumainiwa nyumbani halikutumainika ugenini.

Upinzani ulitokea mwaka 1979 huko Santa Monica, California, katika shirika la RAND, ambako Bruce Borden aliandika programu ya MH kwa kufuata shauri la Norman Shapiro na Stockton Gaines. Shauri lenyewe lilikuwa sahili: kila barua na iwe faili lake, jina lake liwe tarakimu, na kila folda iwe saraka ya mfumo wa mafaili. Kufuta barua kukawa ni kufuta faili. Kutafuta neno kukawa ni kazi ya amri zile zile zilizotafuta maneno katika mafaili mengine. Na ajali iliyoharibu barua moja haikuigusa ya jirani yake. Kwa uzuri wa fikira, naona MH haikupata mshindani kwa miaka mingi. Lakini mfumo wa mafaili wa wakati ule haukuwa tayari kuipokea. Watafiti wa Berkeley waliopima mfumo ule wa kale walikuta kwamba hata baada ya kukuza vipande vyake kutoka baiti 512 hadi 1,024, ulikuwa ukitumia asilimia 4 tu, au karibu na hapo, ya mwendo ambao diski iliuweza.

Ni Marshall Kirk McKusick pamoja na wenzake Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry walioyageuza mambo. Mfumo wao mpya, uliotoka pamoja na 4.2BSD mwaka 1983, uliigawa diski katika makundi ya silinda, ukaziweka inodi karibu na data zake, ukatumia vipande vya baiti 4,096 na zaidi vinavyoweza kukatwa kwa ajili ya mafaili madogo, na kwa baadhi ya vipimo ukafikia asilimia 47 ya uwezo wa diski. Aidha urefu wa jina la faili ulipanda kutoka herufi 14 hadi 255, jambo lililoonekana wakati ule kuwa ni anasa, nalo baadaye, kama tutakavyoona, likawa sharti.

Hapa yafaa tutulie kidogo na hesabu. Tuchukue diski ya kawaida ya mwaka 2000 hivi, izungukayo mara 7,200 kwa dakika: mkono wake huhitaji milisekunde 8 hivi kufika mahali papya, na kungoja nusu mzunguko huongeza milisekunde 4. Barua 10,000 zilizotawanyika, kila moja ikidai safari moja tu, ni sekunde 120, yaani dakika mbili kamili kabla orodha haijaonekana. Ilhali barua zizo hizo, zikiwa na kilobaiti 5 kila moja na kupangwa mfululizo katika faili moja la megabaiti 50, husomwa kwa sekunde mbili tatu. Kwa kusoma, daftari lashinda pasipo shaka. Lakini mwenye daftari akitaka kuifuta barua iliyo mwanzoni, programu yake italazimika ama kuziandika upya megabaiti zote zinazofuata, ama kuitia barua ile alama ya kufutwa na kuiacha pale pale hadi siku ya usafi. Na afanyaye nakala ya akiba kila usiku atanakili faili zima, hata kama siku nzima iliingia salamu moja tu. Hakuna umbo lililo bora kwa kazi zote. Na kipi kitamwelemea mtu zaidi hutegemea anasoma sana au anafuta sana, na diski yake imepangwa na nani.

Kwa watu wa kompyuta za mezani, aliyeipanga diski alikuwa FAT, mfumo wa mafaili wa MS-DOS na wa Windows za mwanzo. FAT16 haikuweza kuhesabu mafungu zaidi ya 65,000 na ushei, kwa hiyo diski ilipokua, fungu moja nalo lilikuzwa, na katika sehemu ya gigabaiti 2 kila fungu lilikuwa la kilobaiti 32. Barua ya kilobaiti 3 ikipewa faili lake hula kilobaiti 32. Barua 10,000, ambazo kwa haki zingeenea katika megabaiti 30, hula zaidi ya 300. Watu wa Fidonet, mtandao alioanzisha Tom Jennings mwaka 1984, waliipitia njia hiyo mapema: mwanzo waliiweka kila barua katika faili lenye tarakimu na kiishio cha .MSG, na zilipofika maelfu wakaingia katika hazina za pamoja kama Squish na JAM. Jambo hili si geni kwa Afrika Mashariki, kwani ni ufundi huo huo wa Fidonet uliochukua barua pepe za mwanzo za Nairobi na Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa simu na modemu, kabla intaneti kamili haijafika.

Microsoft, kwa upande wake, iliziweka barua, kalenda na anwani za Outlook katika faili moja la PST, ambalo umbo lake la kwanza halikuruhusiwa kupita gigabaiti 2. Wengi walijua kuna mpaka siku ile walipouvuka na faili likakataa kufunguka. Umbo jipya la Outlook 2003 lilikwenda hadi gigabaiti 20, lakini tanbihi ilikuwa moja: aliyebaki na FAT32 chini yake alisimamishwa kwenye gigabaiti 4, kwa kuwa mfumo huo haulijui faili lililo kubwa kuliko hapo, na ni aliyehamia mfumo wa NTFS tu aliyeipata faida yote. Programu ilikuwa moja, barua zilikuwa zile zile, na hatima zikawa mbili.

Turudi kwa upande wa Unix, ambako Daniel J. Bernstein, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, aliitoa programu ya barua ya qmail kwa watu mwaka 1996, na pamoja nayo akaja na umbo la Maildir. Saraka tatu tu: tmp, new na cur. Barua mpya huandikwa katika tmp, mfumo huamriwa uishushe diskini kwa hakika, kisha huunganishwa na new. Programu ya msomaji ikiiona huihamishia cur. Kufuli halihitajiki mahali popote, hata juu ya NFS, kwa sababu jina la kila faili, lililoungwa kwa saa, namba ya mchakato na jina la kompyuta, halitarajiwi kukutana na jingine. Na jina hilo ndilo ambalo lisingeenea katika herufi 14 za zama za Thompson. Kadhalika habari ya kwamba barua imesomwa au imejibiwa huandikwa katika jina lenyewe, baada ya nukta mbili, kiasi cha kwamba kuitia barua alama ya kusomwa ni kulibadili jina la faili. Bernstein aliikabidhi kazi yote ya uhifadhi kwa mfumo wa mafaili, akauamini kuliko ulivyostahili kuaminiwa wakati huo.

Kwani ext2, mfumo ambao Rémy Card na wenzake waliuleta Linux mwaka 1993, uliiweka saraka kama orodha isiyo na mpangilio. Kulitafuta jina moja ni kuipitia orodha toka mwanzo hadi lionekane. Kuyafungua majina yote 10,000 moja baada ya jingine ni kulinganisha majina mara milioni 50 hivi. Si ajabu, basi, kwamba ReiserFS ya Hans Reiser, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2001 ikiwa na miti iliyosawazishwa badala ya orodha, na yenye ustadi wa kubana mikia ya mafaili madogo ndani ya kipande kimoja, ilipata mashabiki wengi miongoni mwa wenye seva za barua. Katika mwaka huo huo Daniel Phillips alipendekeza faharasa ya saraka kwa ajili ya ext2, nayo ikaingia katika ext3, mrithi wa ext2, kwa bidii ya Theodore Ts'o na wengine.

Na hapa pana kichekesho ninachokipenda kuliko vyote katika tarehe hii. Faharasa ile iliyaharakisha matafuto ya jina moja kwa namna ya kupendeza. Lakini majina yaliposomwa yote kwa pamoja yalitoka kwa mpango wa hashi, yaani mchafuko mtupu usiohusiana hata kidogo na mahali inodi zilipo diskini. Programu ya barua, iliyokuwa ikiyafungua mafaili kwa mpango uliotolewa na saraka, ikawa yaupeleka mkono wa diski huku na huko bila kituo, na wapo waliokuta kwamba folda kubwa ya Maildir hufunguka polepole zaidi baada ya dawa kuliko kabla yake. Tiba ilikuwa nyepesi mno: yasome majina yote kwanza, yapange kwa namba za inodi, ndipo uyafungue. Programu ya Mutt, aliyoianzisha Michael Elkins, hufanya hivyo. Na Ts'o mwenyewe aliandika kijalizo cha kuzipangia programu zilizokuwa hazijui. Mtungaji wa programu ya barua, ambaye kwa haki asingehitaji kujua diski imejengwaje, alilazimika kuijua.

Mbox nayo ilikuwa na siri yake na mfumo wa mafaili. Unix huandika kwa kila faili saa lilipobadilishwa mara ya mwisho na saa liliposomwa mara ya mwisho, na tangu kale programu zilijua kuwa kuna barua mpya kwa kuzilinganisha saa hizo mbili: sanduku lililobadilishwa baada ya kusomwa lina jipya. Hila hiyo ilikuwa nzuri, lakini gharama yake ni kwamba kila kusoma huzaa kuandika, kwa kila faili la diski nzima, liwe la barua au lisiwe. Watu wenye haraka walikizima kipengele hicho, na mbio ziliongezeka. Ila Mutt na jamaa zake wakashindwa kutofautisha barua mpya na ya juzi. Mwaka 2007 Ingo Molnár na wenziwe waliishutumu hadharani gharama ya dasturi hiyo, na mwaka 2009, katika toleo 2.6.30, Linux ikaifanya njia ya kati kuwa ya kawaida: saa ya kusomwa huandikwa pale tu ambapo iliyopo imepitwa na saa ya kubadilishwa, au imekwisha kuchakaa. Mamilioni ya seva zinazotumia kiini hicho hufuata leo kanuni ambayo sehemu ya sababu yake ni kutoivunja Mutt.

Amri ya kushusha data diskini kwa hakika, ambayo Bernstein aliiweka kuwa faradhi, ilikuwa na mitihani yake. Juu ya ext3, kwa mpango wake wa kawaida, kuliagiza faili moja lishushwe kulivuta pamoja nalo karibu kila data iliyokuwa ikingoja, hata za programu nyingine. Mwenye kupakua barua 300 wakati diski yake inanakili filamu aliuona ulimwengu umesimama. Ext4 iliiondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, ila kwa kuchelewesha ugawaji wa nafasi, hata mwaka 2009 programu zilizozoea uvivu wa kutotoa amri ile zikakuta, baada ya umeme kukatika, mafaili yao ni matupu. Wafuasi wa Maildir waaminifu hawakuguswa. XFS, iliyozaliwa Silicon Graphics katika miaka ya 1990 kwa ajili ya mafaili makubwa, ilikuwa nzito katika kuunda, kubadili majina na kufuta mafaili madogo kwa maelfu, ambazo ndizo kazi za Maildir hasa, mpaka uandishi wake wa kumbukumbu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2010.

Baada ya mashaka hayo, watu wa pande zote mbili waliishia mahali pamoja pasipo kupatana: walijenga faharasa zao wenyewe juu ya mfumo wa mafaili, ili wasiuulize maswali mengi. Seva ya Cyrus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliiweka kila barua katika faili lake, lakini orodha ikasomwa kutoka katika faili la faharasa na la kashe. Programu ya Eudora ya Steve Dorner iliambatisha orodha ya yaliyomo kando ya kila daftari. Seva ya Dovecot ya Timo Sirainen, iliyotoka mwaka 2002, ilisoma mbox na Maildir zote kwa faharasa zake, kisha ikabuni umbo la tatu liwekalo barua kadhaa katika faili lenye ukubwa wa wastani, faili likijaa linaanzwa jingine. Apple iliiacha mbox mwaka 2005 ilipotoa Mac OS X 10.4, kwa kuwa utafutaji wake mpya wa Spotlight ulitaka kila barua iwe faili linalojitegemea. Kisha zikaja diski zisizo na mkono wala mzunguko, ambazo safari yake ni sehemu ya kumi ya milisekunde, na zile dakika mbili za barua 10,000 zikawa sekunde moja.

Hata hivyo nukta mbili za Bernstein hazikubaliwi katika majina ya mafaili ya Windows, kwa hiyo anayehamisha Maildir kutoka Linux huko hupata majina yaliyogeuzwa au nakala iliyokatika njiani. Na programu ya Thunderbird, iliyorithi maumbo yake kwa Netscape, bado huziweka barua katika mbox likiwa chaguo lake la kawaida, huku ikimwomba mwenyewe mara kwa mara ruhusa ya kuzibana folda zake ili nafasi ya barua alizozifuta zamani ipate kurudi.